Anza na kamba ya kuanikia: mwongozo kamili wa taulo za kike za kufua kwa wasichana wa shule

Mara ya kwanza nilipopeleka taulo za kike za kufua shuleni, nilishona kwa moyo wote na nikakosea. Ilikuwa shule ya msingi moja huko Uluguru, upande wa mashariki wa milima, ambako hakuna mwezi unaopita bila mvua. Mimi ni fundi cherehani wa Morogoro mjini. Nilichukua taulo nene za kuogea, nikakata, nikashona tabaka nne pamoja na kitambaa cha kuzuia maji, ikawa kitu kimoja kizito na kizuri kwa macho. Nikarudi baada ya miezi mitatu. Wasichana wa darasa la sita na la saba waliniamkia vizuri, ila nilipouliza habari za taulo wakatazama chini. Mmoja akanifuata nyuma ya darasa, akaitoa ya kwake kwenye mkoba. Ilikuwa na madoa meusi ya ukungu na harufu ya godoro bichi.

"Haikauki, mama," akaniambia. "Naiweka chini ya godoro ili kaka zangu wasiione. Siku ya kuivaa ikifika, bado mbichi."

Alikuwa amerudia vipande vya kanga, na siku zile nzito alikuwa habanduki nyumbani.

Tangu siku hiyo kazi hii naianzia mwisho. Kabla ya kugusa mkasi nauliza: msichana huyu ataanika wapi? Ukishona kabla hujapata jibu, umemshonea mzigo. Mwongozo huu ni wa mwalimu wa malezi, fundi, mzazi au kikundi cha akina mama wanaotaka kuanza mradi wa taulo za kufua katika shule yao, na wanataka uwe bado hai baada ya mwaka.

## Kwa nini za kufua

Msichana mwenye hedhi ya siku tano akibadilisha mara tatu au nne kwa siku anatumia pedi 15 hadi 20. Hizo ni kama pakiti mbili kila mwezi, na mwezi haukosi kurudi. Mama mwenye mabinti watatu anajua hesabu hiyo inavyokwenda kukiwa na unga wa kununua.

Serikali zimejaribu kupunguza mzigo. Kenya iliondoa Kodi ya Ongezeko la Thamani kwenye sodo mwaka 2004, na mwaka 2017 ikapitisha sheria inayoitaka serikali kuwapa wasichana wa shule sodo bila malipo. Tanzania iliiondoa kodi hiyo katika bajeti ya 2018/19, kisha ikairudisha mwaka uliofuata kwa maelezo kwamba bei madukani haikushuka. Kwa hiyo binti wa kijijini hawezi kupanga mwezi wake kwa kutegemea bajeti ijayo.

Pedi ya dukani ina plastiki ndani yake, na haiozi. Ikitupwa kwenye choo cha shimo, shimo linajaa kabla ya wakati. Ikitupwa kwenye choo cha kuvuta, bomba linaziba. Hata hivyo siipigi vita. Siku ya dharura, safarini, au shule ikikosa maji, ndiyo inayofaa, na nitaeleza mahali pake hapo mbele.

Na ya kufua si jambo jipya lililoletwa na wafadhili. Sodo, neno ambalo Kenya bado wanalitumia kila siku, ni neno la zamani la kitambaa alichojifungia mwanamke siku zake. Bibi zetu walifua.

Kuna pia kikombe cha hedhi, cha silikoni ya kitabibu, kinachoweza kudumu hadi miaka 10 kikichemshwa vizuri kati ya hedhi moja na nyingine. Huko Siaya, magharibi mwa Kenya, wasichana wa shule walishiriki katika utafiti wake na wengi walikizoea baada ya miezi michache. Mimi nakieleza kwa wasichana wakubwa na kuwaachia wenyewe waamue. Kwa msichana wa miaka 12 anayejifunza mwili wake kwa mara ya kwanza, naanza na kitambaa.

## Hatua ya kwanza: nenda ukatazame

Usiingie ofisini kwa mwalimu mkuu ukaishia hapo. Omba ruhusa, kisha nenda chooni. Ingia, funga mlango. Je, una komeo la ndani? Kuna msumari wa kutundikia sketi, au itabidi msichana aishike kwa meno? Mwanga unatosha kuona doa? Maji yako umbali gani, na akiyafuata atapita mbele ya nani? Mwongozo wa Tanzania wa maji na usafi shuleni unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Hesabu matundu, kisha hesabu wasichana, uandike tofauti. Takwimu hiyo utaihitaji siku ya kikao cha kamati ya shule.

Kisha kaa na wasichana bila mwalimu wa kiume na bila wavulana. Wagawie vipande vya karatasi wajibu bila kuandika majina, kwa sababu mdomo hauwezi kusema kila kitu mbele za wenzao. Mimi nauliza mambo manne tu: mwezi uliopita ulitumia nini, ulikosa shule siku ngapi na kwa nini, nyumbani kwenu nguo zinaanikwa wapi, na una chupi ngapi nzima.

Hilo la mwisho usiliruke. Taulo ya aina yoyote hukaa kwenye chupi, na chupi iliyolegea mpira haishiki kitu. Kuna shule tuliyogawa taulo nzuri kabisa, tukagundua kuchelewa kwamba sehemu kubwa ya wasichana walikuwa na chupi moja ya mtumba iliyochoka. Sasa kila mfuko ninaougawa una chupi mpya mbili, na kama fedha haitoshi napunguza idadi ya wasichana badala ya kupunguza chupi.

Majibu ya "kwa nini" nayo yatakushangaza. Wapo wanaobaki nyumbani kwa kukosa taulo, na wapo wanaobaki kwa sababu ya maumivu ya tumbo, au kwa sababu choo hakina mlango. Huyo wa mwisho hata ukimpa taulo kumi atabaki nyumbani.

## Hatua ya pili: kuchagua kitambaa

Utahitaji aina tatu.

Ya kwanza ni ya kunyonya. Inayofaa ni flaneli ya pamba, ile laini ya nguo za vichanga. Ukikosa, tumia shuka la pamba la mtumba lililolainika kwa kufuliwa. Muuzaji atakuambia kila kitu ni pamba, kwa hiyo jipimie mwenyewe. Dondoshea tone la maji: pamba hulinywa papo hapo, lakini kwenye kitambaa cha nailoni tone hukaa juu kama umande kwenye jani la mgomba. Kisha chomoa nyuzi mbili uziwashe kwa kiberiti. Pamba huwaka na kuacha jivu jepesi lenye harufu ya karatasi iliyoungua. Nailoni au poliesta huyeyuka na kuganda kama shanga ngumu nyeusi. Muuzaji akikuzuia kufanya jaribio hilo, nenda kibanda kinachofuata.

Ya pili ni ya kuzuia maji. Kinachofaa zaidi ni kile kitambaa chembamba chenye utando upande mmoja, kinachotumika kwenye nepi za kufua. Kisipopatikana, kitambaa cha koti la mvua kinasaidia. Usitumie plastiki ya mfuko: inapiga kelele msichana akitembea, inachanika, na inamchoma kwa joto.

Ya tatu ni pamba ya kawaida ya rangi iliyokolea au yenye maua, ya kufunika huku na huku. Kitenge chepesi cha pamba kinafaa.

Fua vitambaa vya pamba na uvikaushe kabla ya kukata, kwa sababu pamba hurudi. Ukikata kwanza, baada ya kufuliwa mara mbili utakuwa na kava lililojikunja kama jani kavu.

## Hatua ya tatu: kukata na kushona

Taulo ya kipande kimoja, kama ile niliyoanza nayo, ndiyo rahisi kushona na ndiyo ngumu kukauka. Kwa hiyo ninashona vitu viwili: kava linalokaa kwenye chupi, na kitambaa cha kunyonya kinachoingizwa na kutolewa. Muundo huu si wangu. Ulienezwa na shirika la Days for Girls, lililoanzishwa mwaka 2008 na Mmarekani Celeste Mergens baada ya kukuta wasichana wa kituo cha yatima nchini Kenya wakikalia maboksi siku zao za hedhi. Vipimo ninavyotoa hapa ni vile vilivyonikalia vizuri mkononi.

Kitambaa cha kunyonya: kata vipande viwili vya flaneli vya sentimita 22 kwa 23, vilaze pamoja, piga ovaloki kuzunguka pande zote. Basi, kimekwisha. Msichana anakikunja mara tatu kwa upana, kinakuwa na tabaka sita na upana wa kama sentimita 7. Akikikunjua ni kama leso ya mfukoni tu. Kikiwa kwenye kamba hakuna anayejua ni nini, na kwa kuwa kimebaki tabaka mbili, jua linakimaliza upesi. Siku nzito anaweza kuvaa viwili pamoja.

Kava: chora umbo kwenye boksi gumu, urefu sentimita 26, upana 10, ncha zote mbili za mviringo. Katikati toa mabawa mawili. Kila bawa lishike sentimita 8 za ubavu, na kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa la pili iwe sentimita 19. Kwa kila kava kata umbo hilo mara tatu: pamba mbili na cha kuzuia maji kimoja. Halafu kata mifuko miwili kwa kufuata ncha ya mchoro uleule, kina cha sentimita 8, ukipinda na kushona ukingo ulionyooka.

Laza pamba ya juu, uso ukitazama juu. Weka mifuko kwenye ncha zake mbili, nayo ikitazama juu. Funika kwa pamba ya chini, uso ukitazama chini, na juu ya vyote weka kitambaa cha kuzuia maji. Shona kuzunguka ukiacha ukingo wa sentimita 0.7 na mwanya wa sentimita 6 ubavuni, mbali na bawa. Kata vichane vidogo kwenye kona za mabawa bila kugusa mshono, geuza, nyoosha kwa vidole, kisha piga mshono wa juu pembeni kabisa kuzunguka kava lote. Mshono huo ndio utakaofunga mwanya.

Mambo mawili ambayo fundi mgeni hukosea. Pini ziwekwe ukingoni tu, kwa sababu kila tundu kwenye kitambaa cha kuzuia maji ni njia ya kuvujia. Na kwa sababu hiyohiyo, usipige mshono wowote katikati ya kava, hata kama unaona utapendeza. Kitambaa kikinata chini ya mguu wa cherehani, pitisha ukanda wa karatasi juu yake, ushone, kisha uuchane uutoe.

Mwisho weka kifungo cha kubonyeza, vile vya nguo za watoto wachanga, sentimita moja na nusu kutoka ncha ya kila bawa, upande mmoja kikitazama juu na wa pili kikitazama chini, ili vikutane chini ya chupi. Vifungo vya kunata (velkro) achana navyo: hushika nyuzi, na kuvifungua chooni kunasikika hadi nje.

Kila msichana nampa makava mawili na vitambaa vinane, pamoja na kifuko chenye kamba kilichoshonwa kwa kile kitambaa cha kuzuia maji, cha kubebea kilichotumika. Ukiwa na wasichana 30, hivyo ni vitambaa 240. Mita moja ya flaneli yenye upana wa sentimita 150 inatoa vipande 24, yaani vitambaa 12, kwa hiyo nunua mita 20. Kwa makava 60 utahitaji pamba ya rangi mita 7 pamoja na mifuko, na cha kuzuia maji mita 3. Vile vifuko 30 vipigie hesabu yake pembeni.

Kabla ya kugawa, chukua kava moja na kitambaa kilichokunjwa, mimina vijiko vinne vya maji vya mezani polepole, subiri kidogo, kisha bonyeza kwa kiganja juu ya karatasi nyeupe. Hicho ni zaidi ya kiasi cha damu ambacho wanawake wengi hutoa kwa hedhi nzima. Karatasi ikilowa chini, angalia umeshona wapi pasipotakiwa.

## Hatua ya nne: kufua na kuanika

Sehemu hii wafundishe wasichana kwa vitendo, kwa ndoo, sabuni na kitambaa halisi kilichopakwa damu ya kuku. Maneno peke yake hayatoshi.

Kitambaa kibadilishwe kila baada ya saa nne hadi sita, hata kama hakijajaa. Shuleni atakikunja kwa ndani, atakitia kwenye kifuko na kukipeleka nyumbani. Kisikae humo zaidi ya siku hiyo.

Maji ya kwanza ni ya baridi. Maji ya moto huigandisha damu kwenye nyuzi na doa halitoki tena. Aloweke kwa nusu saa, amwage yale maji chooni au shimoni, asiyamwage uani. Kisha afue kwa sabuni ya mche, akisugua kitambaa kwa kitambaa, asuuze mpaka maji yatoke meupe kabisa. Sabuni iliyobaki ndani ndiyo inayowasha ngozi, na wengi hudhani ni ugonjwa. Ndoo ya lita 10 inanitosha kwa vitambaa vinne na kava moja. Asitumie dawa ya kung'arisha nguo, inakula pamba na kuharibu ule utando. Dawa ya kulainisha nguo nayo huacha mafuta yanayozuia kunyonya.

Sasa kamba.

Niliwahi kuanika asubuhi moja, nyumbani kwangu, ile taulo yangu nene ya zamani na kitambaa cha flaneli kilichokunjuliwa, pamoja kwenye kamba moja. Kabla ya adhuhuri kitambaa kilikuwa kimekauka. Taulo ile ilishinda juani, na jioni nilipoishika ndani bado ilikuwa na maji. Ndiyo maana nasisitiza: kianikwe kikiwa kimekunjuliwa, juani, peupe, kwa vibanio, pamoja na nguo nyingine. Hakuna haja ya kukificha chini ya godoro wala nyuma ya kabati. Gizani na kwenye unyevu ukungu unaota, na kitambaa chenye ukungu kinaleta muwasho.

Akitaka kujua kama kimekauka, akiweke shavuni. Kikiwa cha baridi, bado kina maji, hata kama kwa mkono kinaonekana kikavu. Wasichana wanalipenda jaribio hili, na nimewaona wakifundishana wenyewe.

Masika je? Kule mlimani ndilo swali la kwanza. Aanike chini ya upenu panapopita upepo, kisha amalizie na pasi ya mkaa. Vitambaa vipigwe pasi, makava yasipigwe kwa sababu utando utayeyuka. Makava yakamuliwe ndani ya kanga kavu kwanza, ndipo yaanikwe. Kama nyumbani hapana pasi, hapo ndipo vile vitambaa vinane vinapoonyesha kazi yake: anavyo vya kutosha kusubiri siku mbili.

Kwa shule yenye bweni, omba kamba ya wasichana ndani ya uzio wa makuti au mabati, juu pakiwa wazi ili jua lipige. Hii ndiyo gharama ndogo kuliko zote katika mradi mzima, na ndiyo inayosahaulika zaidi.

## Hatua ya tano: shule yenyewe

Anza na komeo, msumari wa kutundikia, na ndoo yenye koki na sabuni ndani ya choo cha wasichana. Fundi seremala anayamaliza kwa siku moja. Usisubiri mfadhili wa jengo jipya ndipo uweke komeo.

Kisha sanduku la dharura: pakiti chache za pedi za dukani, sketi mbili au tatu za sare za ukubwa tofauti, chupi mpya, kanga moja. Likae kwa mwalimu wa kike au matroni, na mwanafunzi mmoja wa kike katika kila darasa ajue namna ya kulifikia, ili anayehitaji asilazimike kujieleza mbele ya darasa zima. Pedi za dukani zilizotumika zitupwe kwenye pipa lenye mfuniko na kuchomwa kwenye kichomea taka cha matofali chenye bomba la moshi, mbali na madarasa.

Kaa na walimu wote, wa kiume hasa. Waombe jambo moja: msichana akiomba kutoka, aruhusiwe bila kuulizwa kwa nini. Septemba 2019, kaunti ya Bomet nchini Kenya, msichana wa miaka 14 alijiua siku ambayo, kwa maelezo ya mama yake, mwalimu alimwita mchafu na kumtoa darasani baada ya damu kuchafua sare yake. Huwa nawasimulia walimu habari hiyo, polepole, na sijawahi kuona kikao kikiendelea na minong'ono baada yake.

## Hatua ya sita: mazungumzo

Wasichana wafundishwe kuhesabu. Kila mmoja awe na kalenda ndogo nyuma ya daftari, aweke alama siku ya kwanza ya hedhi. Kwa msichana anayeanza, kupishana kwa siku 21 hadi 45 ni kawaida, na miaka miwili ya mwanzo tarehe huruka. Waambie maumivu hupungua kwa chupa ya maji ya moto tumboni, kutembeatembea, na dawa ya maumivu kwa maelekezo ya zahanati. Na waambie lini waende zahanati: hedhi ikizidi siku saba, taulo ikilowa ndani ya saa moja au mbili, kizunguzungu cha kuanguka, homa au harufu kali isiyo ya kawaida, au akifika miaka 15 bila kuona hedhi.

Kwa msichana asiyeona, mfundishe kwa vidole: upande wenye mifuko ndio wa juu, ovaloki ndiyo mpaka. Nilimfundisha mmoja kwa dakika kumi, na alikunja kwa usawa kuliko wenzake.

Wavulana nao wapewe kipindi chao. Waonyeshe kitambaa, waeleze kazi yake, waulize kama wangependa dada zao wachekwe. Mvulana akishajua kilicho kwenye kamba, msichana hana sababu ya kukipeleka chini ya godoro.

Usiwaruke wazee. Katika mila za Kiluguru, msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani akawa mwali, akafundwa na wakubwa wake mpaka siku ya kuchezwa ngoma na kutolewa nje. Shule ilikuwa inaweza kupotea hapohapo. Sikubaliani na kumtoa binti darasani, lakini siwezi kuwadharau wanawake waliokuwa wa kwanza kumfundisha kujisitiri. Nilipomwonyesha bibi mmoja vitambaa vyangu alivigeuza, akavinusa, akaniambia, "Mwanangu, sisi tulikuwa tunafanya hivihivi, ila wewe umetia kifungo." Kungwi akikubali kufundisha kufua na kuanika, na unyago ukasogezwa hadi likizo, umepata mwalimu atakayesikilizwa kuliko wewe.

## Hatua ya saba: fedha na daftari

Kikundi cha mafundi wanawake kinaweza kuomba mkopo usio na riba wa halmashauri, unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake. Mkishona kwa kuuza, anzieni SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, kwa ushauri na TBS, shirika la viwango, kwa masuala ya ubora, kabla hamjajaza stoo. Wazazi wengi wako tayari kulipa kidogokidogo kupitia VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, na taulo iliyolipiwa hata shilingi elfu moja inatunzwa vizuri kuliko ya bure. Nimeliona hilo mara nyingi.

Daftari liwe na safu nne: darasa, tarehe ya kupewa, mahudhurio ya muhula uliopita, mahudhurio ya muhula huu. Majina yabaki kwa matroni peke yake. Usiahidi miujiza. Katika shule 8 za wilaya ya Kamuli, Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta mahudhurio ni bora zaidi mahali wasichana walipopewa taulo za kufua, elimu ya kubalehe, au vyote viwili, kuliko mahali ambapo hawakupewa kitu. Lakini huko Nepal, utafiti wa kugawa vikombe vya hedhi uliochapishwa mwaka 2011 haukuona mabadiliko makubwa ya mahudhurio, na waliokosa shule walilalamikia zaidi maumivu. Ndiyo maana ile karatasi ya hatua ya kwanza uitunze: daftari likionyesha msichana bado anakosa siku mbili kila mwezi, rudi ukasome aliandika nini.

## Kitambaa kikichoka

Kila mwanzo wa muhula waite wasichana walete makava na vitambaa. Inua kitambaa kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona vidole vyako upande wa pili, kimekwisha. Mimina maji kwenye kava. Likivuja, limekwisha pia. Kikitunzwa vizuri, kitambaa kinaweza kudumu miaka miwili hadi mitatu, ila kwa wanaofua kwa kupiga kwenye jiwe ni mwaka mmoja tu. Toa vifungo, vioshe, vitatumika kwenye kava jipya. Pamba iliyochoka ifuliwe kisha ichomwe au izikwe shimoni. Utando wa plastiki uutenganishe na kuupeleka kwenye kichomea taka.

Na uende na flaneli mita mbili za akiba kila unaporudi. Daima yupo mmoja aliyempa mdogo wake nusu ya vitambaa vyake, na huyo mdogo hayumo kwenye daftari.